Saa Iliyomo Ndani ya Ini

Mimi na dada yangu tulilala kitanda kimoja hadi nilipomaliza darasa la saba, katika nyumba ya bibi yetu iliyoko Ngamiani, Tanga, na kwa miaka yote hiyo sikumbuki hata usiku mmoja ambao usingizi ulitupata kwa pamoja. Ikifika saa 2 usiku, chakula kikiwa hakijatulia tumboni, dada alikuwa ameshazama. Mimi nilibaki nikisikiliza redio ya jirani hadi ilipozimwa, kisha mbwa wa mtaani, kisha nikihesabu boriti za dari. Kabla ya adhana ya alfajiri yeye alikuwa ameshaoga, amefagia uwanja na kubandika chai, wakati mimi ninavutwa shuka. Bibi aliniita Pono, kwa jina la yule samaki anayesifika kwa usingizi, na jina hilo likanikaa.

Nilipoanza kunenepa nikiwa kidato cha pili, sababu ilikuwa imeshapatikana: anayelala hadi jua lichomoze ni mvivu, na mvivu hunenepa. Dada yangu, aliyekuwa mwembamba kama ufito, aliletwa kuwa ushahidi. Nimeibeba hukumu hiyo hadi utu uzima. Miaka michache iliyopita nilikwenda katika zahanati moja kupima shinikizo la damu, na mhudumu akaitazama mizani, akaniambia mbele ya foleni nzima kwamba kilo 94 ni malipo ya kupenda kitanda. Sikumjibu kitu. Usiku ule sikupata usingizi, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa biolojia, niliamua kuusoma mwili wangu kwa uangalifu uleule ambao ningeutumia kuandaa somo la kidato cha sita.

Niliyoyakuta katika kusoma huko yamebadilisha jinsi ninavyojitazama, na ndiyo maana ninayaandika. Jeni za saa ya mwili zina uwezo mkubwa wa kuamua ni wakati gani mwili uko tayari kulala, kuamka na kula, lakini uwezo wake wa kuamua mizani isome nini ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Uzito huingia zaidi pale saa hiyo ya ndani inapolazimishwa kuishi kwa amri ya saa ya ukutani.

Darasani huanza na tangi la maji. Wanafunzi wangu wote wanalijua tangi jeusi lililo juu ya mnara nyuma ya bweni, na wanajua kwamba ndani yake mna boya. Pampu husukuma maji, maji hupanda, boya hupanda nayo na likifika juu hufunga njia. Maji yakitumika boya hushuka, njia hufunguka na kazi huanza upya. Karibu kila seli ya mwili ina mtambo wa namna hiyo. Protini mbili, CLOCK na BMAL1, ndizo pampu: hushika sehemu maalumu za vinasaba na kuwasha jeni nyingine, zikiwemo zile za jamii ya PER na CRY. Jeni hizo zikiwashwa, seli hutengeneza protini za PER na CRY, ambazo hujikusanya taratibu kwa saa kadhaa, hushikana, huingia ndani ya kiini cha seli na kuwazuia CLOCK na mwenzake wasiendelee na kazi. Kisha nazo huvunjwa kidogo kidogo hadi zinapungua, kizuizi kinaondoka, na pampu inawaka tena. Mzunguko mzima huchukua takriban saa 24. Kwa binadamu, wastani wake huzidi hapo kwa kama dakika 10 hivi. Saa inayochelewa hivyo kila siku isingefaa kitu kama isingerekebishwa, na mrekebishaji wake mkuu ni mwanga, unaoingia machoni na kufika kwenye kifungu kidogo cha seli zipatazo 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Kifungu hicho ndicho saa kuu, nayo hutoa majira kwa saa nyingine zote za mwilini.

Kwamba mtambo huu uko ndani ya jeni, na kwamba jeni ikiharibika saa nayo huharibika, kulionekana kwanza kwa nzi wa matunda. Mwaka 1971, Ronald Konopka na Seymour Benzer, wakiwa California, walieleza koo tatu za nzi wasio wa kawaida: wa kwanza waliishi kwa siku ya saa 19, wa pili kwa siku ya saa 28, na wa tatu hawakuwa na siku kabisa, wakitembea na kupumzika bila mpangilio. Hitilafu zote tatu zilitoka katika jeni moja, waliyoipa jina period. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliofumbua jinsi jeni hiyo na wenzake zinavyofanya kazi, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Ninapofika hapa darasani huwa ninanyamaza kidogo, kwa sababu nzi wa saa 28 ananigusa. Hakuna aliyemwita mvivu. Walimpima, wakakuta kwamba siku yake ni ndefu.

Miaka 30 baada ya nzi hao, jambo lilelile lilithibitishwa kwa binadamu. Mwaka 2001 kikundi cha Louis Ptáček na Ying-Hui Fu kilieleza ukoo mmoja wa Utah, Marekani, ambao watu wake wengi hulala kwenye saa 1 na nusu usiku na kuamka saa 10 na nusu alfajiri, wapende wasipende. Chanzo kilikuwa badiliko moja tu katika jeni ya PER2, linaloifanya protini yake ifanye kazi kwa ratiba ya mapema kuliko kawaida. Niliposoma habari za watu hao nilimwona dada yangu. Mwaka 2017 kikundi cha Young kilionyesha upande wa pili: badiliko katika jeni ya CRY1 linaloirefusha siku ya ndani, hivi kwamba wanaolirithi huchelewa kulala kwa saa 2 au zaidi. Hapo nilijiona mimi.

Mfano wa ukoo wa aina hiyo unavutia sana, lakini ni nadra, na sina haki ya kudai kwamba mimi ni mmoja wao. Wengi wetu tumeumbwa na mabadiliko madogomadogo yaliyosambaa kila mahali. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 697,828 wa Uingereza na Marekani, na ukapata sehemu 351 za vinasaba zinazohusiana na mtu kuwa wa alfajiri au wa usiku. Waliporundika athari zote pamoja, asilimia 5 ya watu waliobeba vinasaba vingi zaidi vya kuamka mapema walitofautiana na asilimia 5 waliobeba vichache zaidi kwa dakika 25 tu za kulala na kuamka. Ikumbukwe pia kwamba watu hao karibu wote walikuwa wa asili ya Ulaya. Sisi wa huku bado hatujahesabiwa, na mwalimu anayewafundisha watoto wa Kiafrika jenetiki anapaswa kulisema hilo waziwazi kila mara.

Sasa uzito. Mwaka 1994 Joseph Takahashi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walimpata panya mwenye hitilafu katika jeni waliyoiita Clock. Panya ni mnyama wa usiku: mchana hujikunja, usiku hula na kuzunguka. Mwaka 2005 watafiti wa chuo hichohicho, wakiwemo Fred Turek na Joseph Bass, walieleza yaliyompata panya huyo alipoachwa ale atakavyo. Mpaka kati ya usiku na mchana wake ulififia. Alikula usiku, akala na mchana, akala kwa jumla zaidi ya wenzake, akanenepa, mafuta yakajaa katika damu na kwenye ini lake, na sukari ikapanda. Jeni iliyoharibiwa ilikuwa ya saa, na kilichoharibika ni mwili mzima.

Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni kazi iliyotangulia, ya mwaka 2000, kutoka maabara ya Ueli Schibler mjini Geneva. Watafiti hao waliwapa panya wa kawaida, wasio na hitilafu yoyote, chakula mchana peke yake. Saa kuu ya ubongo haikutikisika. Iliendelea kuufuata mwanga. Lakini saa ya ini iligeuka, ikaanza kufuata sahani. Ndani ya mnyama mmoja kukawa na majira mawili: ubongo unasema ni wakati wa kupumzika, ini linasema ni wakati wa kazi. Nilirudia kusoma maelezo hayo mara kadhaa, kwa sababu ubongo wangu na ini langu vilikuwa vimeishi hivyo kwa karibu miaka 20.

Nieleze siku yangu ilivyokuwa. Nililala saa 7 usiku, kwa kuwa kabla ya hapo usingizi hauji hata nikizima taa. Niliamka saa 11 alfajiri ili niwahi gwaride la asubuhi shuleni. Wakati huo tumbo langu ni kama limefungwa kwa kufuli. Hata chai huniletea kichefuchefu, kwa hiyo nilikwenda kazini na maji peke yake. Saa 4 asubuhi, mapumziko ya chai, nilikula andazi moja kwa adabu tu. Mchana nilikula kidogo. Njaa ya kweli ilinifika kati ya saa 3 na saa 5 usiku, wakati mitihani imerundikana mezani na barabarani kuna kibanda cha chipsi. Ninaweza kukiona hata sasa: mafuta yanayochemka katika karai pana, kijana anayechota viazi vilivyokwisha kukaangwa na kuvimimina kwenye kikaango kidogo cheusi, anavunja mayai mawili kwa mkono mmoja, anakoroga, anageuza kwa sahani kama afunikaye sufuria, kisha chumvi, kachumbari, pilipili ya chupa. Nilikula nikiwa nimesimama, na nilikula chote. Saa mbili baadaye nilikuwa kitandani, na ini langu lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa duka.

Kwamba wakati wa kula una uzito wake, mbali na kiasi kinacholiwa, kumejaribiwa kwa panya na kwa watu. Mwaka 2009 watafiti wa Northwestern waliwapa panya chakula chenye mafuta mengi, wengine katika nusu ya siku ambayo panya huwa macho, wengine katika nusu ambayo hulala. Hawa wa pili ndio walionenepa zaidi. Mwaka 2013 Marta Garaulet wa Murcia, Hispania, na wenzake walitoa taarifa ya watu 420 waliofuata mpango wa kupunguza uzito kwa wiki 20. Huko Hispania mlo mkuu ni wa mchana. Waliokuwa wakiula baada ya saa 9 alasiri walipungua kidogo kuliko waliokuwa wakiula kabla ya hapo, ingawa kiasi cha chakula na muda wa kulala wa makundi hayo mawili havikuonyesha tofauti ya maana. Mwaka 2022 kikundi cha Frank Scheer mjini Boston kiliwaweka maabara watu 16 wenye uzito uliozidi, kikawalisha milo ileile, mara moja kwa ratiba ya mapema na mara nyingine kwa ratiba iliyocheleweshwa kwa saa 4. Ratiba ya kuchelewa iliwaongezea njaa, ikashusha leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba shibe imefika, na ikapunguza nguvu ambayo mwili uliitumia. Watu 16 ni wachache, lakini kila mmoja alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe, na kwangu mimi hilo ni jambo zito.

Na usingizi wenyewe, ukipungua, hufanya kazi kwa upande huohuo. Utafiti wa Chicago wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba vijana 12 wenye afya, waliporuhusiwa kulala saa 4 tu kwa usiku 2, leptini yao ilishuka kwa asilimia 18 na grelini, homoni ya njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Saa 4 ndizo nilizokuwa nikilala mimi kila siku ya kazi.

Hapa naomba msomaji awe mwangalifu, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotoshwa. Kuna badiliko la herufi moja katika jeni ya CLOCK ya binadamu, linalotajwa kwa namba 3111, ambalo mwaka 1998 lilihusishwa na watu wa usiku, na baadaye kikundi cha Murcia kikalihusisha na ugumu wa kupungua uzito. Watafiti wengine waliolitafuta kwa watu wao hawakuuona uhusiano huo na usingizi. Siku hizi wapo wanaouza vipimo vya vinasaba kwa ahadi ya kumwambia mtu kama jeni yake ya CLOCK ndiyo inayomnenepesha. Kwa maoni yangu, pesa hiyo ni afadhali inunue samaki na mboga. Zaidi ya hayo, wale walioulinganisha uzito na zile sehemu nyingi za vinasaba vya alfajiri na usiku, ili kuona kama kuzaliwa mtu wa usiku peke yake kunasababisha unene, hawakupata ushahidi ulio wazi kwamba kunasababisha.

Basi ule uhusiano unaoonekana mitaani, kwamba watu wa usiku mara nyingi ni wazito, unatoka wapi? Till Roenneberg na wenzake wa Munich walichukua taarifa za usingizi za watu zaidi ya 65,000, wakapima umbali kati ya katikati ya usingizi wa siku za kazi na katikati ya usingizi wa siku za mapumziko. Mwaka 2012 walionyesha kwamba, miongoni mwa watu wenye uzito uliozidi, kadiri umbali huo unavyokuwa mkubwa ndivyo uzito nao unavyopanda. Nilipiga hesabu yangu kwa kalamu. Siku za kazi, katikati ya usingizi wangu ni saa 9 usiku. Jumamosi na Jumapili, nikilala saa 8 usiku na kuamka saa 4 asubuhi, katikati inahamia saa 12 asubuhi. Tofauti ni saa 3, kana kwamba kila Ijumaa ninasafiri kutoka Tanga hadi Accra na kurudi Jumapili usiku, na Jumatatu ninasimama mbele ya darasa huku ini likiwa bado Ghana.

Wazee wetu waliounda saa ya Kiswahili walianza kuhesabu pale jua linapochomoza, na huku kwetu karibu na mstari wa Ikweta kuchomoza kwa jua hakubadiliki hata kwa saa nzima kutoka mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Ni saa iliyokaa karibu na mwili. Lakini hata jamii inayofuata jua hailali kwa pamoja, na ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua uko hapahapa Tanzania. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi hulala katika vibanda vya majani au kando ya moto, bila taa za umeme na bila mlinzi aliyewekwa zamu. David Samson na wenzake waliwavalisha 33 kati yao vifaa vidogo vya mkononi, mfano wa saa, kwa siku 20, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Katika siku zote hizo 20, jumla ya dakika ambazo wote waliovaa vifaa hivyo walikuwa wamelala kwa wakati mmoja ni 18. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, na kwa wastani zaidi ya theluthi ya kundi ilikuwa macho au imesinzia kidogo tu wakati wowote wa usiku. Watafiti hao wanaona kwamba tofauti hizi za saa za mwili zilibaki katika binadamu kwa kuwa ziliwalinda: simba akija, yupo asiyelala.

Nimelitafakari hilo sana nikiwaangalia wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanavyoinamisha vichwa katika kipindi cha kwanza. Saa ya mwili husogea mbele katika ujana na hufikia kikomo chake karibu na miaka 20. Tunawaamsha watoto hao wakati usiku wao bado uko katikati, tunawachapa kwa kuchelewa, na jioni tunawalaumu kwa kula ovyo. Nimeiomba shule isogeze kipindi cha kwanza mbele kwa nusu saa; bado ninaomba.

Mwenyewe nimebadilisha kile ninachoweza kukibadilisha. Sikujigeuza mtu wa alfajiri, maana nimejaribu mara tatu na kila mara nimeishia kulala mezani. Nilichofanya ni kuuhamisha mlo mkubwa: ninakula wali, maharage na samaki saa 10 alasiri nikitoka shuleni, na baada ya saa 1 na nusu usiku jiko langu limefungwa. Asubuhi nikifika shuleni ninasimama juani robo saa kabla ya gwaride. Jumamosi ninaamka saa 2 asubuhi badala ya saa 4. Kwa miezi 14 nimepungua kilo 9, na wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu kibanda cha chipsi bado kipo palepale na harufu yake inaingia dirishani.

Mwaka jana bibi aliugua, na kwa wiki tatu dada na mimi tulirudi Ngamiani kumuuguza. Dawa moja ilitakiwa kila baada ya saa 6, na ilibidi joto lake lipimwe usiku kucha. Majirani walituonea huruma, wakatuuliza tutapangaje zamu. Hatukupanga. Dada alilala saa 2 usiku kama alivyolala siku zote, nami nikabaki na taa ndogo, kipimajoto na daftari tulilokuwa tukiandikia saa za dawa. Kila siku kwenye saa 10 alfajiri, macho yangu yalipoanza kuwa mazito, nilisikia mlango wa chumba cha pili ukifunguka, naye akaja amejifunga kanga kichwani, akachukua daftari mkononi mwangu, akasoma mstari wa mwisho na kuketi palepale nilipotoka. Usiku mmoja, kama saa 8 hivi, bibi alifumbua macho akageuza kichwa upande wa taa.

“Pono, bado hujalala?”

“Bado, bibi.”

“Haya mwanangu. Nipe maji.”